Mkono Uliokesha

Wanangu mnaoingia idara ya dharura kwa mara ya kwanza, kuna jambo ambalo sisi tuliowatangulia tulilificha kwa miaka mingi. Tulichoka, na uchovu wetu uliwaumiza wagonjwa.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 32. Usiku mmoja, katika hospitali ya wilaya, nilikuwa nimesimama tangu saa moja asubuhi. Mwenzangu wa zamu ya usiku hakufika, mwanawe alikuwa na homa, nikaambiwa niendelee. Nikaendelea, na moyoni niliona fahari. Saa tisa usiku wakaletwa majeruhi wa ajali ya basi dogo. Nikachukua kichupa ili nichanganye dawa ya sindano ya mmoja wao, nikiamini ni maji. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa pembeni akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Sista, hebu tusome tena." Ilikuwa potasiamu. Ikisukumwa mshipani kwa mkupuo, moyo husimama.

Majeruhi yule alirudi kwao baada ya siku nne bila kujua lolote. Mimi sikumwambia mtu. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko kosa lenyewe, maana kesho yake vile vichupa vilivyofanana kama mapacha vilikuwa bado kwenye trei moja, vikimsubiri mwingine aliyekesha.

Tulilelewa kwa methali ya mvumilivu hula mbivu, tukaipeleka mahali isipostahili. Uvumilivu wa kumsikiliza mgonjwa anayekutukana kwa sababu ya maumivu, huo ushikeni. Uvumilivu wa kusimama mpaka macho hayasomi tena maandishi ya kwenye kichupa, huo uacheni. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu waliokaa macho saa 17, wakakuta utendaji wao umeshuka sawa na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Nchi nyingi humkataza mtu wa kiwango hicho kushika usukani. Ikitimia saa 24, ni kama asilimia 0.10. Mimi usiku ule nilikuwa na saa 20 kazini, na hapo sijahesabu muda niliokuwa macho kabla ya kutoka nyumbani. Kama ningeingia zamu nikinuka pombe, hakuna ndugu wa mgonjwa ambaye angeniruhusu nimguse mtu wake. Kwa kuwa nilinuka jasho tu, walinishukuru.

Huko Boston, Marekani, watafiti waliwafuatilia madaktari tarajali katika wodi za wagonjwa mahututi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Katika ratiba ya zamani, yenye zamu za saa 24 na zaidi, makosa makubwa yalikuwa mengi kwa asilimia 36 kuliko katika ratiba ya zamu zilizofupishwa. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mwingine: daktari tarajali anayeendesha gari baada ya zamu ndefu ana hatari ya kupata ajali iliyo zaidi ya mara mbili ya ile ya baada ya zamu fupi. Kwa hiyo ukikesha, acha pikipiki yako hospitalini, panda daladala. Nisingependa kukupokea kwenye machela.

Kuna uchovu mwingine ambao usingizi hauuponyi, na huu ndio unaonitia hofu zaidi juu yenu. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyejitolea katika kliniki ya bure huko New York, aliandika jinsi yeye na wenzake walivyoishiwa, wakawa kama nyumba iliyoungua ndani kuta zikabaki. Baada yake mwanasaikolojia Christina Maslach alitengeneza kipimo cha hali hiyo, chenye sura tatu: nguvu kuisha, kuwatazama watu kama vitu, na kuona kazi yako haifai kitu. Hiyo ya pili itambueni mapema. Siku utakayosema "ile ajali ya kitanda cha 4" wakati mama yule ana jina na jina umeliandika mwenyewe, jiulize kuna nini.

Shirika la Afya Duniani liliielezea hali hiyo mwaka 2019 kuwa inatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Halikuiita ugonjwa. Waganga wafawidhi na wauguzi viongozi, hapa nasema nanyi pia: tiba yake mnayo kwenye ratiba ya zamu, kwenye idadi ya watu mnaowapanga usiku, kwenye chumba chenye kiti na chai ya moto. Semina ya kujitunza haiwezi kuwa badala ya muuguzi wa pili.

Sisemi hatujapiga hatua. Zamani mgonjwa wa dharura alipokewa na yeyote aliyekuwapo. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura, ya kwanza katika hospitali za umma nchini Tanzania, na mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza. Leo mgonjwa hupangwa kwa uzito wa hali yake, hata kama amefika wa mwisho. Lakini idara ikishajulikana kuwa inaokoa, watu huja kwa wingi, na mzigo huo ndio mnaorithi.

Nirudi kwa yule mwanafunzi aliyethubutu kunisemesha. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya orodha ya usalama wa upasuaji, iliyojaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, Ifakara yetu ikiwamo. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ndani ya orodha ile kuna jambo dogo ninalolipenda: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mmoja anataja jina lake na kazi yake. Aliyekwisha kusikika sauti yake haoni woga kuitumia tena. Mjue jina la kila anayefanya kazi nanyi usiku, pamoja na anayesukuma machela. Na akikwambia "hebu tusome tena," soma.

Halafu kuna vifo. Nyumbani mtu akifa tunakaa matanga, tunasoma dua, majirani wanaleta unga. Kazini tulikuwa tunafunika shuka, tunanawa, tunakwenda kitanda kinachofuata. Muuguzi mmoja wa Virginia, Jonathan Bartels, alianzisha desturi ya kuwaomba wote waliopambana kuokoa maisha wasimame kimya kidogo pembeni ya marehemu. Haihitaji bajeti wala kibali. Ningeijua mapema, labda nisingebeba sura za watoto fulani hadi leo.

Ukikosea, au ukinusurika kukosea, andika kwenye kitabu cha ripoti siku hiyohiyo. Ukichoka, mwambie kiongozi wa zamu kabla hujashika sindano. Na saa moja asubuhi ikifika, pita kitanda kwa kitanda na anayekupokea, mkabidhi kila mgonjwa kwa jina, tia sahihi, uende ukalale.