Mishumaa Saba na Swali la Bidaa

Kila Desemba 26, wakati majirani bado wanaokota karatasi za zawadi za Krismasi, familia nyingi za Wamarekani Weusi hutandika mkeka mezani. Juu ya mkeka huwekwa kinara cha mishumaa saba: mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu upande wa kushoto, mitatu ya kijani upande wa kulia. Pembeni hupangwa matunda, mahindi kwa hesabu ya watoto wa nyumba hiyo, na kikombe kimoja watakachonywea wote. Chicago au Detroit, siku za namna hiyo, giza huwa limeshaingia kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mkubwa wa nyumba anauliza, "Habari gani?" Wote wanaitikia kwa sauti moja, "Umoja!" Mshumaa mweusi unawashwa.

Hiyo ndiyo Kwanzaa, sikukuu ya siku saba inayokwisha Januari 1. Kila siku ina nguzo yake, na nguzo hiyo ndiyo jibu la salamu: baada ya Umoja huja Kujichagulia, kisha Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, na mwisho Imani. Desemba 31 hufanyika karamu, watu wakala, wakapiga ngoma, wakawakumbuka waliotangulia. Katika mikusanyiko mingi hupigwa ukelele wa "Harambee!" mara saba, neno ambalo Mkenya amelisikia tangu enzi za Jomo Kenyatta. Karibu kila kitu kilichoko mezani kina jina la Kiswahili. Lakini hakuna mji wa pwani wala kijiji cha bara ambako wazee waliwahi kuirithisha sikukuu hii.

Hapo ndipo penye swali. Kwanzaa ina baba, na ina tarehe ya kuzaliwa. Agosti 1965 mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka moto kwa siku sita baada ya polisi kumkamata kijana mweusi barabarani. Watu 34 walikufa. Maulana Karenga, msomi aliyezaliwa Maryland kwa jina la Ronald Everett, alikuwa miongoni mwa vijana waliotoka kwenye majivu yale wakiamini kwamba watu wake hawatapata ukombozi wa kisiasa kabla ya kujipatia utamaduni wao wenyewe. Alikuwa amejifunza Kiswahili. Alizisoma sherehe za mazao ya kwanza za kusini mwa Afrika, kama zile za Wazulu na Waswazi zinazofanyika mwishoni mwa mwaka, akatunga nguzo saba, akapanga siku saba. Kwanzaa ya kwanza ilianza Desemba 26, 1966. Inasimuliwa kwamba "a" ya ziada mwishoni mwa jina iliongezwa kwa ajili ya watoto saba waliokuwapo, kila mmoja apate kushika herufi yake.

Je, jambo lililotungwa mezani na mtu tunayemjua kwa jina linaweza kuitwa mila?

Swali hili si geni kwa watu wa pwani. Wao wamelijadili kwa vizazi kwa jina la bidaa, yaani jambo jipya linaloingizwa katika dini. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alifika Lamu kijana kutoka Ngazija, Habib Saleh, akakaa, akafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwajali, na akaistawisha Maulidi ya Habshi, iliyotungwa Hadhramaut zama zake mwenyewe. Watu waliisoma kwa matari na kwa furaha, na wapo waliokunja uso kwa jambo hilo jipya. Leo Maulidi ya Lamu, yenye kitovu chake Msikiti wa Riyadha, huvuta wageni kutoka mwambao mzima, na mtoto wa mtaa wa Langoni hawezi kuukumbuka mwaka usiokuwa nayo. Ubishi haujaisha, wapo masheikh wanaoikataa hadi leo kwa hoja za dini, na hoja hizo zina uzito wake. Ila zinahusu ibada. Katika ibada mtu huuliza ni nani aliyeamrisha. Katika mila swali ni jingine: ni nani anayeibeba, na kwa ajili ya nani.

Hata sikukuu ambayo Kwanzaa hulinganishwa nayo kila mwaka ina historia ya namna hiyo. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Desemba 25 inaonekana katika maandishi ya Roma ya karne ya 4. Wakristo wenye msimamo mkali walioanzisha koloni la Massachusetts waliipiga Krismasi marufuku mwaka 1659, na aliyekutwa akiisherehekea alitozwa faini ya shilingi tano, sheria iliyodumu hadi 1681. Serikali ya Marekani ilikuja kuifanya sikukuu rasmi mwaka 1870. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960, alikuja kuonyesha baadaye kwamba mengi yaliyoitwa "desturi za kale" za Waafrika yaliandikwa upya au yalitungwa wakati wa ukoloni, mara nyingi kwa faida ya watawala na ya machifu waliopatana nao. Basi kutungwa peke yake hakuwezi kuwa dosari. La kupimwa ni aliyetunga alikuwa anamtumikia nani.

Kwa Wamarekani Weusi jibu halihitaji kutafutwa mbali. Babu zao walivushwa bahari wakavuliwa jina, lugha na ukoo. Wengi wao walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, si pwani ya Waswahili, na kwa sababu hiyo wengine huhoji kwa nini sikukuu yao izungumze Kiswahili. Lakini mtu wa Detroit asiyejua kama bibi wa bibi yake alikuwa Mwigbo, Mmende au Mkongo angechagua lugha ya nani? Kiswahili kilimfaa kwa kuwa si mali ya kabila moja. Tena miaka ile kilikuwa lugha ya matumaini. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika tangu 1963. Malcolm X alifika huko Oktoba 1964 akakutana na Mwalimu Nyerere, ambaye maandishi yake juu ya Ujamaa yalikuwa yametoka mwaka 1962. Kwanzaa ya kwanza ilipokwisha Januari 1, 1967, zilibaki wiki tano tu kabla ya Azimio la Arusha.

Kwa hiyo anayesema kwamba mila haichaguliwi, hurithiwa, anasema kweli kuhusu watu waliobahatika kurithi. Aliyenyang'anywa urithi hana njia nyingine ila kuchagua. Nguzo ya siku ya pili, Kujichagulia, inalikiri jambo hilo waziwazi, na ukweli huo ndio unaoipa Kwanzaa heshima yake.

Yapo magumu, na si ya kufunikwa. Kikombe kile cha umoja hutumika kwa tambiko: maji au kinywaji humwagwa kwa kuwakumbuka wahenga. Mkristo mcha Mungu au Mwislamu anaweza kusita hapo, na ana haki ya kusita. Mwanzoni Karenga mwenyewe aliizungumzia Kwanzaa kama mbadala wa Krismasi. Kufikia 1997 aliandika kwamba haikuwekwa ichukue nafasi ya dini ya mtu wala sikukuu yake. Nyumba nyingi zilishaamua hivyo zamani. Mti wa Krismasi huwa umesimama sebuleni huku kinara kikiwaka mezani, na yako makanisa yanayoandaa usiku wa Kwanzaa kwenye kumbi zao.

Gumu la pili ni zito zaidi. Mwaka 1971 mahakama ya California ilimtia Karenga hatiani kwa kuwashambulia wanawake waliokuwa wanachama wa kundi aliloliongoza. Alikana, akafungwa, akatoka mwaka 1975. Wapo wanaoona kwamba sikukuu inayohubiri umoja haiwezi kusimama juu ya mtu kama huyo. Hoja yao inastahili kusikilizwa, hasa na wanaume. Lakini Kwanzaa haikusambazwa na mtu mmoja. Ilibebwa na akina mama majumbani, walimu wa shule za mitaani, maktaba, makumbusho na vikundi vya ngoma, watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona Karenga, hadi Posta ya Marekani ikaitolea stempu mwaka 1997. Watoto wa miaka ile ya kwanza sasa ni mababu na mabibi wanaouliza "Habari gani?" wakiwa wakubwa wa nyumba. Mila ndiyo hiyo hasa: mtoto amelipokea jambo kwa mzazi, akampa mwanawe.

Mswahili anayeishi Minneapolis, Houston au Toronto akialikwa na jirani mwisho wa Desemba, aende. Asicheke matamshi yao wala asisahihishe sarufi mezani, asubiri aulizwe. Asiyetaka kushiriki tambiko aseme kwa adabu, na aendelee kukaa. Zawadi za Kwanzaa, kwa desturi yake, hazikosi kitabu. Kitabu cha hadithi za watoto kwa Kiswahili, kilichochapwa Nairobi au Dar es Salaam, kitapokelewa kwa mikono miwili.