Mbwa, Maksai na Haki ya Kuhasi

Mkoani Simiyu ni nadra kusikia mtu akiuliza kama ni dhambi kuhasi dume la ng'ombe. Maksai huvuta plau, pamba na mahindi hupandwa, basi. Ila akitajwa mbwa, watu hukumbuka ghafla kwamba kuna Muumba. Hoja yao si ya kupuuzwa: Mambo ya Walawi 22:24 inakataza kumtolea Mungu mnyama aliyeharibiwa korodani, na wapo wanazuoni wa Kiislamu wanaoona katazo la kuhasi katika sura ya An-Nisaa ya Kurani, aya ya 119, inayolaani kubadili maumbile, ingawa wenzao huruhusu penye manufaa na pasipo madhara. Kwa hiyo tuulize: manufaa ya nani?

Mbwa anapohasiwa hulazwa usingizi kwa dawa. Dume hutolewa korodani, jike hutolewa ovari na mara nyingi mji wa mimba. Jike huyo hatapata tena usaha wa mji wa mimba, maradhi yanayoua, na dume hatapata saratani ya korodani. Hasara zipo pia. Wengi hunenepa, baadhi ya majike huvuja mkojo wakizeeka, na mbwa wa mbegu kubwa akihasiwa mapema mno huweza kuharibika viungo. Ama kuhusu hofu kwamba atakuwa mlinzi goigoi, kinachopungua hasa ni kuzurura na kugombania majike. Kubweka mgeni akikaribia boma hakutoki kwenye korodani.

Atakayesema tumwachie mbwa maumbile yake amesahau kwamba mwanadamu alishamtoa huko zamani. Tuliomfuga tunadaiwa pia watoto wake wanaotupwa jalalani. Na deni hilo halikomei uani, kwani Simiyu imepakana na Serengeti, ambako mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba, na watafiti wakawashuku mbwa wa vijijini. Kipo pia kichaa cha mbwa, ambacho kinga yake ni chanjo, si kisu. Lakini lengo la kuchanja asilimia 70 ya mbwa huponyoka haraka kila mwaka unapoleta watoto wapya wasiochanjwa.

Hoja hii ina gharama yake. Kama kinachohalalisha kuhasi ni ustawi wa anayehasiwa pia, na usingizi ni sharti kwa mbwa, basi burdizo, koleo la kuhasi linalombana dume la ng'ombe bila ganzi, haiwezi kusamehewa kwa sababu tu tumeizoea.