Samadi ni ya Nani?

Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa bandani, hapa Muheza. Kila alfajiri nikimaliza kuzoa samadi naoga na kubadili nguo ndipo niswali, maana sisi wa madhehebu ya Shafii tunafundishwa kwamba kinyesi na mkojo wa mnyama ni najisi, hata mnyama tunayemla. Imamu Malik alivihesabu vya mnyama wa kuliwa kuwa twahara.

Mwaka jana kijana wa bustani ya mchicha aliitaka samadi yangu. Nikakumbuka darasa la chuoni: kwetu najisi haiuziki kama mali. Waweza kuondoa mkono wako juu yake, yaani kuiachia, na anayeichukua akakupa chochote kwa hilo. Tukafanya hivyo, na viroba vikaondoka miezi mingi.

Shamba ndilo lililonisuta. Mahindi ukiyavuna waweza kuliachia shamba mabua, lakini mabingobingo, majani ninayowalisha ng'ombe, unayakata kila wiki sita hadi nane na kuyabeba yote. Kufikia mkato wa tatu majani ya chini yalikuwa manjano, machipukizi yamekonda. Nikanyunyiza urea, yakarudi kijani, nami nikadhani nimemaliza deni. Kumbe urea ni naitrojeni tu. Fosforasi ilikuwa imeondoka kwenye viroba, na potasiamu, ambayo kwa ng'ombe hutoka zaidi katika mkojo, ilikuwa ikitiririka mferejini mbele ya macho yangu.

Basi nikajiuliza: ikiwa si mali yangu, ni ya nani? Masheikh watasema sababu ya hukumu ni unajisi, si haki ya shamba, na kifiqhi wako sawa. Lakini mimi siwezi tena kuisikia hukumu ile bila kuwaza kwamba nilishika amana ya mwingine. Sura ya Nahl, aya ya 66, inataja maziwa safi yatokayo baina ya kinyesi na damu. Zamani nilistaajabia tumbo la ng'ombe peke yake. Sasa nauona muujiza ule ukianzia ardhini: jani lililokulia kwenye samadi nalo ni twahara.

Nimesakafia banda, mkojo unaingia shimoni chini ya paa la makuti. Nikikata, nachimba mfereji kati ya mistari, natia samadi, nafukia siku hiyohiyo, kwani ikiachwa juani naitrojeni hupaa pamoja na ile harufu kali. Juzi kijana alirudi na viroba vitupu. Nilimwonyesha mstari wa mwisho, ule wa kando ya mnazi, ambao haujapata chake.