Namba Niliyoifuta

Mwaka wa mwisho chuoni nilitengeneza kifaa cha kupimia oksijeni kwenye damu: taa nyekundu, taa ya infraredi, kihisi cha mwanga na kibanio cha kidole. Nikawapima wenzangu 20. Kumi na tisa walipata 96 kwenda juu. Mmoja, 87. Nikasema, aah, huyu kidole chake kina baridi. Nikaifuta namba, grafu ikanyooka, nikapata A.

Baadaye nikasoma utafiti uliotoka Michigan, Marekani, mwaka 2020: vifaa vya hospitali vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Yaani vilikosea kwa kumwonyesha mgonjwa ana nafuu kuliko alivyo. Changu kilisema kinyume, nami sikukiamini.

Labda kweli kidole kilikuwa baridi. Lakini kumpima tena kungechukua dakika moja tu. Fomu ya ridhaa aliyotia saini ilimwahidi usiri. Haikumwahidi kwamba nikiona kitu nitamwambia. Je, aliyekuazima kidole chake amegeuka data, au bado ni mwenzako? Namba yake ya simu ninayo. Wiki nzima naitazama tu, sijui nianzie wapi.