Nuru Itazamwayo na Nuru Iongozayo

Neno la kutafakari: Yohana 5:35



Bwana Yesu aliposema na Wayahudi katika Yerusalemu habari za Yohana Mbatizaji, alimfananisha na taa iwakayo. Kisha aliongeza neno la kuwachoma mioyo, ya kuwa wao walipenda kuifurahia nuru ya taa ile kwa kitambo kidogo tu. Angalieni sana, hakuwalaumu kwa kuwa waliichukia. Waliipenda. Walitoka mjini na vijijini, wakashuka mpaka mto wa Yordani, wakasimama juani kumsikiliza mtu aliyevaa singa za ngamia. Lakini wengi wao walimwendea kama watu waendao kutazama ngoma. Ngoma ilipokwisha walirudi makwao. Na Herode alipomtia Yohana gerezani, hatusomi ya kuwa mkutano ule mkubwa ulikwenda kumtetea.

Sote tumewaona kumbikumbi, mvua za kwanza zinyeshapo. Mtu akiwasha taa barazani, hutoka ardhini kwa maelfu, huizunguka na kucheza mbele yake. Asubuhi mwenye nyumba huchukua ufagio akazoa mabawa. Taa iliwavuta, wala haikuwafikisha mahali.

Mwezi huu napenda tulifikiri neno hili la Bwana kwa mfano wa jambo litendekalo ng'ambo, katika kanisa la Notre-Dame, mji wa Montreal, nchi ya Kanada.

Kanisa lile ni la Wakatoliki, nalo ni la zamani. Lilianza kujengwa mwaka 1824, likafunguliwa mwaka 1829. Fundi aliyelichora ni James O'Donnell, mzaliwa wa Ayalandi aliyekaa New York. Yeye alikuwa Mprotestanti, akaingia Kanisa Katoliki alipokaribia kufa. Alikufa mwaka 1830, akazikwa chini ya sakafu ya nyumba ile aliyoijenga. Minara yake miwili ilimalizika nyuma yake, mmoja mwaka 1841 na wa pili mwaka 1843. Dari ni ya rangi ya samawati yenye nyota za dhahabu, na kinanda chake kikubwa, kilichofanyizwa na Casavant mwaka 1891, kina filimbi zipatazo 7,000.

Basi mwaka 2017 lilianzishwa humo onyesho la nuru liitwalo Aura, kazi ya mafundi wa Moment Factory wa mji ule ule. Watu hununua tiketi, huingia, na kwanza hutembea polepole kandokando ya kuta, wakitazama sanamu na picha na altare za pembeni jinsi zinavyoangazwa moja moja. Kisha huketi katika viti virefu vya kanisa. Taa huzimwa. Muziki wa vinanda na waimbaji huanza, na mitambo iliyofichwa hutupa mianga na picha juu ya nguzo, na madhabahu, na dari, hata mtu akadhani mawe yenyewe yanakwenda. Onyesho lina sehemu tatu: ya kwanza ni kuzaliwa kwa nuru, ya pili ni vikwazo, ya tatu ni mbingu iliyo wazi. Baada ya nusu saa hivi yote yamekwisha. Taa za kawaida huwashwa, na watu hutoka nje.

Labda msomaji atauliza: Je, ni halali nyumba ya sala kufanywa hivyo?

Ndugu, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Montreal ni katika jimbo la Quebec, na Quebec tangu miaka ya 1960 watu waliacha kwenda kanisani kwa wingi mno. Makanisa mengi yamefungwa au kuuzwa. Mengine yamegeuzwa nyumba za kupanga, mengine maktaba. Na nyumba ya mawe ya miaka 200 hula fedha kila mwaka: paa huvuja, ukuta hupasuka, kinanda hutaka fundi. Asiyepata kutengeneza paa la kanisa na asicheke. Tena, ni heri mtu aingie mlango wa kanisa akiwa ameshika tiketi kuliko mlango ule kupigwa misumari.

Martin Luther naye atufundisha kwenda polepole katika mambo kama haya. Mwaka 1522, yeye akiwa bado amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuziondoa na kuzivunja sanamu za kanisani kwa fujo. Luther alirudi mwezi wa Machi, akapanda mimbarani, akahubiri siku nane mfululizo. Hakuzisifu sanamu. Lakini alifundisha ya kuwa ubaya wake hauko katika ubao wala katika rangi, bali katika moyo wa mtu azitumainiaye, au adhaniye ya kuwa amemtendea Mungu jambo kubwa kwa kuziweka. Neno na lihubiriwe, na Neno lenyewe litaitoa sanamu moyoni. Na jambo alilowalaumu zaidi siku zile ni hili, ya kuwa walikuwa na maneno mengi ya imani, lakini upendo kwa ndugu walio dhaifu hakuuona kwao.

Basi kwa nuru za Montreal tuseme vivyo hivyo. Mwanga ni kiumbe cha Mungu, tena ndicho kiumbe tusomacho habari zake kwanza katika kitabu cha Mwanzo. Mafundi wale wamepewa akili na Mungu. Na mtu akitazama juu akanyamaza kwa ajabu, si vibaya. Watu wengi siku hizi hawana hata nusu saa ya kunyamaza. Lakini Mkristo ana maswali mawili ya kuiuliza kila nuru, iwe ya Montreal au ya kwetu.

Swali la kwanza: Nuru hii ina jina?

Kuzaliwa kwa nuru, vikwazo, mbingu iliyo wazi. Nani kati yetu asiyeitambua habari hiyo? Mtoto wa darasa la Kipaimara ataijibu mara moja. Nuru ilizaliwa Bethlehemu, ikalazwa horini. Vikwazo vilikuwa Getsemane na Golgotha, hapo giza lilipofunika nchi yote tangu saa sita hata saa tisa. Na mbingu zilifunguka juu ya Yesu alipobatizwa, kisha zikampokea siku ya kupaa kwake. Lakini katika onyesho lile hapasomwi Neno, wala hapahubiriwi. Mtu aweza kuiona habari yote ya wokovu ikipita juu ya dari, akatoka bila kujua ni habari za nani, wala ya kuwa inamhusu yeye.

Petro naye aliona nuru kubwa mlimani, uso wa Bwana ulipong'aa kama jua (Mathayo 17). Akafurahi, akataka kujenga vibanda vitatu, ili wakae pale pale wakitazama. Lakini Mungu Baba hakuwaacha wanafunzi na nuru peke yake. Alisema kutoka katika wingu, akamtaja Mwanawe, akawaamuru wamsikilize. Macho hayana pazia, hupokea kila kipitacho. Lakini imani huja kwa kusikia. Luther, akieleza fungu la tatu la Imani katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, afundisha ya kuwa hatuwezi kumwamini Yesu Kristo kwa akili zetu wala kwa nguvu zetu, ila Roho Mtakatifu atuite kwa Injili, ndipo tuangazwe. Wito watangulia, mwangaza wafuata.

Swali la pili: Nuru hii yanionyesha nini?

Mama aliyeamshwa usiku na kilio cha mtoto huwasha taa. Je, huketi akaitazama taa? La, huisogeza karibu na kitanda amwone mtoto: ana homa? amepumua? Mtu mwenye taa njiani haangalii utambi wake, huangalia mashimo na miiba. Hiyo ndiyo kazi ya taa. Lakini katika onyesho taa hufanya kazi nyingine: ukuta ndio wenye nuru, na watu wamo gizani. Mtu aketiye kando yangu huenda amefiwa juzi, huenda analia. Mimi simwoni, maana macho yangu yako juu. Onyesho lina haki ya kufanya hivyo, ndiyo desturi yake. Kanisa halina haki hiyo. Mtume Yohana asema wazi katika waraka wake wa kwanza, sura ya pili, ya kuwa mtu amchukiaye ndugu yake yumo gizani hata sasa, ijapokuwa anajiita mwenye nuru. Hakusema tupimwe kwa tulichokiona darini, bali kwa ndugu.

Hata Petro alishushwa kutoka mlimani. Na chini ya mlima palikuwa na nini? Baba mmoja amepiga magoti, na mwanawe mwenye kifafa, aangukaye mara motoni na mara majini. Kwa mtoto yule mwanga wa mlimani ulikuwa haujafika bado. Ulifika Yesu aliposhuka.

Kanisa lile la Montreal lenyewe lina ushahidi wa jambo hili katika madirisha yake. Kwa ajili ya kutimia miaka 100 tangu lifunguliwe, liliwekewa madirisha ya vioo vya rangi yaliyofanywa Limoges, nchi ya Ufaransa, nayo yanasimulia habari za watu wa kwanza wa mji ule, ulioanzishwa mwaka 1642. Kati ya watu wale wa kwanza alikuwamo Jeanne Mance, mwanamke aliyeanzisha hospitali ya kwanza ya mji. Akaja na Marguerite Bourgeoys mwaka 1653. Na mwaka 1658 alifungua shule katika zizi la mawe, kwa kuwa hapakuwa na nyumba nyingine. Hapana aliyenunua tiketi alitazame zizi lile. Lakini watoto walioingia humo hawajui kusoma, walitoka wanasoma; na wagonjwa waliolazwa kwa Jeanne Mance waliuona mkono wa mtu ukiwafunga vidonda.

Kioo cha rangi hakina nuru yake mwenyewe. Usiku, mtu aliye ndani akikitazama huona weusi tu. Jua likichomoza, ndipo sura huonekana. Mkristo naye ndivyo alivyo. Hatukuambiwa tujiwashe wenyewe. Twasimama mahali Kristo apitishapo nuru yake, ili watu wayaone matendo mema wakamtukuze Baba aliye mbinguni (Mathayo 5:16).

Sasa tugeuke kwetu, wapendwa, maana ni rahisi kuhubiri juu ya Kanada. Twapenda nasi vitu ving'aavyo. Tumefanya harambee tukanunua taa za rangi za kuwekea madhabahuni, na vipaza sauti, na sare mpya za kwaya. Si vibaya. Lakini je, yule mjane akaaye hatua mia mbili kutoka mlango wa kanisa, ni mzee gani wa kanisa aliyemwingilia nyumbani mwezi huu? Siku ya Noeli na siku ya Pasaka watu hujaa hata nje ya madirisha. Jumapili ya pili yake twazoa mabawa ya kumbikumbi. Tusiwalaumu wao peke yao. Huenda tuliwaonyesha taa, wala hatukuwaonyesha ndugu.

Enyi waalimu wa injili, kwenu nina maneno mawili hasa. Mtu mgeni akiingia kanisani kwa kuvutwa na kwaya au na taa, msimwache atoke kama alivyoingia. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwulizeni jina lake, na kabla hajaondoka mwambieni jina la Nuru. Neno la pili: kumbukeni taa ya hema ya kukutania (Kutoka 27:20-21). Haikuwashwa kwa nusu saa. Iliwaka tangu jioni hata asubuhi, kila siku, na mafuta yake yaliletwa na wana wa Israeli wenyewe, mafuta safi ya zeituni yaliyopondwa. Kuponda zeituni si kazi ya kushangiliwa. Ni kama kufundisha Katekisimo kwa watoto saba chini ya mwembe, au kumsomea kipofu Zaburi, au kukaa na mgonjwa mpaka jogoo awike. Lakini bila mafuta hayo taa huzimika, hata ikiwa ya dhahabu.

Na Jumapili ijayo, ibada ikwishapo, tusiulizane tu kama ilikuwa nzuri. Kila mtu ajiulize njiani: Ni nani niliyemwona leo, ambaye jana nilimpita? Akimpata mmoja, na arudi amwendee.

Tuombe: Bwana Yesu Kristo, Nuru ya ulimwengu, wewe hukupita mbele ya macho yetu kwa kitambo kidogo, bali ulikaa nasi hata msalabani, katika giza letu. Uwatazame wote wanaoketi katika nyumba zako mahali popote, wakishangaa wala hawajui jina lako, uwatumie mtu wa kuwaambia. Utuondolee moyo wa kuifurahia taa yako kwa muda tu. Utupe mafuta ya kila siku, na macho ya kumwona ndugu. Amina.