Je, Jasho Ni Sadaka?

Liko swali lililozungumzwa sana katika usharika wetu mdogo hapa Mbwera, nasi tumeona vema tuliandike ili wapendwa wengine walipime pamoja nasi. Mtu akitaka kuwasaidia wagonjwa, kwa nini kwanza akimbie? Kwa nini asitoe fedha tu?

Swali hili limeletwa na mwenzetu mmoja, dada ambaye hakuwahi kukimbia tangu mchakamchaka wa shule ya msingi. Mtoto wa kaka yake alizaliwa na tundu kwenye moyo, akafariki kabla hajatimiza miaka minne. Sasa shangazi huyu anajizoeza kwa ajili ya mbio za hisani Dar es Salaam. Mbio za namna hiyo tunazifahamu: CRDB Bank Marathon, kwa mfano, zilizoanza mwaka 2020, zimechangia matibabu ya watoto wenye magonjwa ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kila alfajiri dada yetu hupita njia ya katikati ya mashamba ya mpunga. Maji yakijaa na kufunika njia ya kando ya mikoko, husubiri yapwe. Wiki za kwanza alikimbia kutoka mnazi mmoja hadi mwingine, kisha akatembea.

Baadhi ya wazee wetu wanasema: nauli ya boti na basi, viatu, ada ya kujiandikisha, vyote hivyo vingepelekwa hospitali moja kwa moja. Hoja yao ni ya haki. Huku kwetu safari ya mgonjwa huanzia majini, na kila shilingi ina kazi yake. Lakini katika Yohana sura ya 12 tunasoma kwamba marhamu ya Mariamu nayo ilipigiwa hesabu: ingeuzwa kwa dinari 300, wapewe maskini. Aliyesema hivyo alikuwa Yuda. Hatuwafananishi wazee wetu naye, kwa maana wao wanawajali wagonjwa kweli. Tunaona tu kwamba Bwana, aliyewapenda maskini kuliko sisi, hakukubali upendo upimwe kwa fedha peke yake.

Hata hivyo tusiegemee upande wa pili kupita kiasi. Wapo wanaodhani kwamba maumivu yenyewe ni malipo, kwamba magoti yakiuma, marehemu amelipiwa deni. Mtoto yule hatudai kitu, na msalaba umekwisha kulipa yale ambayo sisi tusingeweza kulipa. Na anayekimbia ili apigwe picha na medali yake, Mathayo sura ya 6 inamwonya kwamba thawabu yake amekwisha kuipata.

Basi faida iko wapi? Huzuni ikiachwa hujifungia ndani pamoja na yule mmoja tuliyempoteza. Dada yetu anatuambia kwamba pumzi inapomwishia njiani, ndipo anapoelewa jinsi mtoto yule alivyohema kwa kutoka mlangoni hadi jikoni tu. Tangu hapo anawaombea kwa namna nyingine watoto ambao hajawahi kuwaona. Upendo aliokuwa nao kwa mmoja umepata njia ya kuwafikia wengi.

Tena majirani zetu, ambao wengi wao ni Waislamu, wakimwona wanauliza anakimbilia wapi, naye anaeleza. Wengine wamechangia. Mama mmoja, baada ya kumsikiliza, alisema mwanawe naye huchoka vivyo hivyo na midomo yake hubadilika rangi. Alikuwa akidhani ni udhaifu wa kawaida. Kama dada yetu angetuma mchango wake kwa simu akabaki nyumbani, mama yule angeambiwa na nani?

Tunamkumbuka pia John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Alianguka, akaumia goti, akafika uwanjani mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hakupata medali, lakini alikuwa ametumwa na watu wake, naye akamaliza alichotumwa. Anayeanza mazoezi leo asihangaike atakuwa wa ngapi. Ajiulize ametumwa na nani, na kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Nauli na ada ya dada yetu tutazichanga wenyewe, mbali, zisiguse hata senti ya wagonjwa. Wazee waliouliza ndio watakaozitunza. Na kabla ya siku ya mbio, yuko mtoto hapa hapa Mbwera anayehitaji boti, nauli na mtu wa kumsindikiza akapimwe moyo. Safari hiyo haina medali wala wapiga picha. Tukiifanya, tutajua kwamba na sisi tuliobaki nyumbani tulikuwa mazoezini.