Ridhaa ya fundi umeme

Kila mtu anajua kwamba umeme unapiga. Wachache wanajua kwamba unaweza kumuunguza mtu ambaye hakuugusa. Bisibisi ikiteleza ndani ya kabati la swichi ambalo halijazimwa, umeme huruka hewani kutoka chuma hadi chuma, na joto la pale laweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Mhandisi Ralph Lee wa Marekani alieleza hesabu ya majeraha haya mwaka 1982. Leo nguo za mafundi hupimwa kwa kalori zinazoweza kuzuia kwa kila sentimita ya mraba; kalori 1.2 tu zinatosha kutoa malengelenge. Shati la poliesta, lile la mitumba tunalolipenda kwa kuwa halihitaji pasi, huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Pamba ya kawaida haiyeyuki, lakini hushika moto na kuendelea kuwaka.

Sasa, fundi kijana wa Buyenzi anaambiwa aunganishe waya umeme ukiwa haujazimwa. Nguo hizo hana. Anajibu, "Nimekubali, bosi." Je, bosi ametoka kwenye dhima?

Nasema hapana. Ridhaa ya mwenye njaa ni dhaifu, lakini hata angekuwa tajiri, mwili ni amana ya Mola, na amana haiuzwi na aliyekabidhiwa. Wapo watakaosema ajali ni kadari. Bosi huyo huyo hufunga duka lake kwa kufuli mbili.

Hoja nzito ni ya umaskini: suti ya kalori 40 ni ghali, karakana ndogo haiwezi kuinunua. Ningeikubali kama nguo ingekuwa kinga ya kwanza. Nguo ni ya mwisho. Kwanza huzimwa umeme, swichi hufungwa kwa kufuli ili mwingine asiiwashe, kisha waya hupimwa kabla ya kuguswa. Gharama kubwa ya kuzima ni muda, na muda huo ni wetu sisi wateja. Taa zikizimika usiku wa kuamkia mtihani, nani kati yetu humwambia fundi, "Zima mtaa mzima, chukua saa mbili"? Tunamwambia, "Fanya haraka, ndugu yangu."

Hospitali ni jambo jingine. Pale kuzima kwenyewe kunaweza kuua, na kumvisha fundi kunakuwa wajibu usio na udhuru, juu ya mwenye kazi. Lakini saluni, duka la simu, bweni letu? Hayo yanaweza kungoja gizani.